Mita inasema 1.1, Muscat hawanisikii: kisa cha kebo iliyokunywa maji

Kila Ijumaa jioni, kabla ya magharibi ya huku, nina miadi ya redio ya ridhaa kwenye bendi ya mita 20, yaani masafa ya megahezi 14, na rafiki aliyeko Muscat. Asili yao ni Pemba, na Kiswahili chake bado kina mwendo wa kisiwani. Tangu Januari tulikuwa tukizungumza kana kwamba tumekaa baraza moja. Juni ilipoingia akaanza kuniomba nirudie. "Hilo la mwisho limenipita, ndugu yangu." Ijumaa iliyofuata: "Nakusikia, ila uko chini. Chini sana." Mimi huku Tanga nilikuwa nampata vizuri kama zamani, tena kwa utulivu zaidi, maana kelele zilizokuwa zikinisumbua tangu nifunge antena zilikuwa zimepungua. Nikaitazama mita ya SWR iliyo mezani, ile inayoonyesha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena. Inasema 1.1. Tangu nipate leseni sijawahi kuwa na SWR nzuri kiasi hicho.

Kisa hiki kilinila wiki tatu. Nakieleza chote, pamoja na njia nilizopotea, kwa sababu kila kipimo nilichokuwa nikikiamini kilinipa jibu zuri wakati sehemu kubwa ya nguvu yangu haifiki hata kwenye antena. Sisi wa pwani tunaishi na chumvi na masika, na naamini viko vituo vingine vya redio ya ridhaa vyenye ugonjwa huu huu ambavyo wenyewe wanalilaumu anga.

Kituo changu ni cha kawaida. Redio ya wati 100, betri na chaja yake, na dipoli moja, antena ya waya yenye mikono miwili, ya bendi ya mita 20. Ukitaka urefu wa dipoli, unagawanya 143 kwa masafa yako ya megahezi, jibu ni mita. Kwa 14.150 inakuja mita 10.1, yaani mita 5 na sentimita 5 kila upande, halafu unakata kidogo kidogo mpaka ikae. Katikati nimeipandisha kwa bomba la chuma la maji, mita 9, lenye bawaba chini ili niweze kulilaza. Upande mmoja umefungwa kwa kamba ya nailoni kwenye mnazi wangu, wa pili kwenye mwarobaini wa jirani, kwa ruhusa yake. Kwenye kitovu kuna kisanduku cha plastiki chenye soketi inayotazama chini, na hapo inaanzia kebo ya RG-58, waya wa kati uliozungukwa na wavu wa shaba, mita 30, inayoshuka na bomba, inatambaa ukutani na kuingia chumbani kwa dirishani.

Nilipoifunga Januari, upepo wa kaskazi ukivuma, niliandika vipimo daftarini. SWR 1.4 katikati ya bendi, 1.6 kwenye kingo zake, 14.000 na 14.350. Kelele za nyuma S5 mchana, kwa mita ya S ya redio inayopima nguvu ya yanayoingia. Daftari lile ndilo lililoniokoa baadaye, na kama huna lako, anza leo.

Kwa asiyeizoea SWR: ni uwiano unaoonyesha ni kiasi gani cha nguvu unayorusha kinagonga mwisho wa njia na kurudi. Ikiwa 1, hakirudi kitu. Ikiwa 2, inarudi asilimia 11. Ikiwa 3, inarudi robo nzima. Ndiyo maana sote tumefundishwa kuishusha, na tukiona 1.1 tunashukuru na kwenda kulala.

Mimi pia nilishukuru. Nikaanza kuchunguza kwingine.

Nilianza na anga. Kwenye 14.100 kuna minara ya majaribio ya NCDXF na IARU, taasisi mbili za redio ya ridhaa: vituo 18 duniani vinavyopokezana zamu, kila kimoja sekunde 10, mzunguko mzima dakika 3. Kila mnara unataja jina lake kwa Morse kwa wati 100, kisha unatoa vistari vinne vya sekunde moja moja: cha kwanza kwa wati 100, cha pili 10, cha tatu 1, na cha mwisho sehemu ya kumi ya wati. Zamu zinafuata saa, kwa hiyo mwenye saa sahihi anajua anayesikika ni nani hata kama Morse haijui. Sri Lanka, 4S7B, inaingia dakika 1 na sekunde 30 baada ya mzunguko kuanza, na Afrika Kusini, ZS6DN, sekunde 10 baada yake. Januari nilikuwa nahesabu vistari vitatu vya Afrika Kusini. Juni nikahesabu vitatu vile vile. Nikaandika: anga zima, antena nzima.

Nusu ya sentensi ile ilikuwa kosa. Nitarudi kwake.

Kisha nikaipima redio. Nikachomoa antena, nikafunga mzigo bandia wa omu 50, unaomeza nguvu badala ya antena, nyuma ya redio, nikabonyeza. Wati 100 kamili, sauti safi kwenye redio ndogo niliyoiweka pembeni kusikilizia. Nikabadilisha kipande kifupi cha kebo kati ya redio na mita. Hakuna tofauti. Nikaishika kebo kubwa, nikapima kwa multimita kati ya waya wa kati na wavu wa nje: haviunganiki kabisa, hakuna shoti. Multimita inasukuma umeme wa betri, haijui chochote kuhusu mawimbi ya megahezi 14. Wakati ule sikulifikiria hilo. Niliona kipimo cha nne kimefaulu.

Nikabaki na dhana moja tu, kwamba tatizo liko Muscat. Labda kwake ndiko kelele zimeongezeka. Ili nisimsingizie mtu, nikahamia FT8 kwa siku nne. FT8 ni mfumo wa kidijitali uliotolewa mwaka 2017 na Joe Taylor na Steve Franke. Vituo vinapokezana kila sekunde 15, na programu yenyewe inatoa ripoti ya nguvu ya mawimbi kwa desibeli, kipimo cha uwiano wa nguvu, bila huruma ya kibinadamu. Unamwambia mwenzio unampata kwa kiasi gani, naye anakuambia. Ripoti moja haina maana, kwa kuwa kila mtu ana kelele zake na wati zake. Lakini ukiwa na nyingi, tofauti kati ya unazotoa na unazopewa inaanza kusema. Januari, kwenye daftari, tofauti hiyo ilikuwa inazunguka sifuri. Juni, wastani wangu ulikuwa chini kwa kama desibeli 5. Italia, India, Afrika Kusini, Japani, wote. Haiwezekani dunia nzima ipate kelele mpya mwezi mmoja.

Kwa hiyo napokea sawa na zamani, narusha chini kwa desibeli 5, redio inatoa wati 100, na mita inasema karibu hakuna kinachorudi. Usiku ule nilikaa na daftari bila kupata pa kuanzia.

Asubuhi nikaenda kwa mzee mmoja mtaani kwetu ambaye ujana wake wote aliutumia melini, kwenye chumba cha redio. Nilimkuta anaosha kikombe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Uso wako una swali."

Nikamweleza kila kitu, na nikamwonyesha daftari. Alisoma polepole, kidole kikipita kwenye mistari, kisha akauliza: "Hiyo mita umeifunga wapi?"

"Mezani, nyuma ya redio."

"Basi imepima meza. Juu ya nguzo hujapima kitu." Akarudi kwenye mstari niliokuwa nimeuandika kwa furaha, kwamba kelele zimeshuka kutoka S5 hadi S4. "Na hizi kelele, zimekwenda wapi?"

Nikamwambia nadhani jirani amebadilisha chaja ya sola, maana ile ya zamani ilikuwa inanguruma kwenye bendi.

"Ulimuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza.

"Sisi melini redio ikitulia ghafla hatukufurahi, mwanangu. Tulipanda juu kuosha vihami. Chumvi ikishatanda, husikii kelele, na wewe hawakusikii."

Nilipita kwa jirani kabla ya kufika kwangu. Chaja ya sola ipo pale pale, haijaguswa tangu mwaka jana. Kelele zilikuwa bado zinatoka. Ni mimi niliyekuwa nazipata pungufu.

Hapo ndipo nikaelewa kosa la minara. Kwenye megahezi 14, na hasa mjini, kelele zinazotoka nje zinaizidi mbali ile kelele ndogo ya ndani ya redio. Kitu kikikaa kati ya antena na redio na kula nguvu, kinakula mawimbi na kelele kwa kiasi kile kile. Uwiano wao haubadiliki, na sikio linasikia uwiano. Ndiyo maana Afrika Kusini ilibaki na vistari vitatu. Sindano ya mita ya S ndiyo pekee iliyokuwa ikisema kweli: imeshuka karibu pointi moja, na pointi moja ya S kwa kipimo cha IARU ni desibeli 6. Kwenye kupokea, upungufu huo unakuja umevaa sura ya utulivu. Kwenye kurusha hauna pa kujificha, kwa sababu kelele za huko Muscat hazipiti kwenye kebo yangu.

Jioni niliazima NanoVNA. Kipimo hiki kidogo kinatuma mawimbi hafifu sana na kusoma yanavyorudi, kwa hiyo unaweza kukipitisha kwenye masafa mengi bila kuirusha redio nje ya bendi. Kabla ya kulaza nguzo nilifanya jambo moja ambalo ningependa kila mwenye dipoli alifanye leo: nilipima antena mahali ambapo inapaswa kuwa mbaya. Dipoli iliyokatwa kwa 14 haifai hata kidogo kwenye 10 wala kwenye 18. Kwa kebo nzima ya aina na urefu ule, SWR ya huko inatakiwa ipande zaidi ya 4, hata 6. Yangu ilisoma 1.8 kwenye 10 na 1.5 kwenye 18. Mstari wote kwenye kioo ulikuwa umelala chini kama maji ya bwawa. Hakuna dipoli inayofanya hivyo. Kilichokuwa mwisho wa kebo kilikuwa hakionekani tena kutoka chini.

Kesho yake tukalaza nguzo, watu watatu, redio ikiwa imezimwa na plagi yake ikiwa mfukoni mwangu. Huo ni mwiko wangu: mtu akigusa antena, plagi ya redio anakuwa nayo yeye. Na kabla ya kulaza tuliangalia mara mbili kwamba bomba halitapita karibu na nyaya za umeme za barabarani.

Nikaifungua kebo kwenye kisanduku cha juu, nikaiacha ncha yake wazi, haijaunganishwa na chochote. Nikarudi chumbani nikapima kutoka upande wa redio kwenye 14.150. Ncha iliyo wazi haiwezi kula nguvu. Kila kinachofika kinarudi. Kebo isiyo na upotevu ingeonyesha SWR isiyo na mwisho. RG-58 nzima ya mita 30, ambayo kwa masafa haya inapoteza kama desibeli 1.6, ingeonyesha karibu 5.5. Yangu ilionyesha 1.6.

SWR ya 1.6 ni sawa na mawimbi kurudi yakiwa yamepungua kama desibeli 12.7. Hayo yamesafiri mara mbili, kwenda na kurudi, kwa hiyo njia moja ni nusu yake: karibu desibeli 6.4. Toa 1.6 za halali ya kebo yenyewe, zinabaki 4.8. Daftari la FT8 lilikuwa limeniambia 5.

Ili nisitegemee kipimo kimoja, niliupandisha mzigo bandia pale kwenye ncha ya juu, nikaweka mita ya wati mbele yake, nikamwomba mwanangu abonyeze redio kwa sekunde tatu. Chini zinaingia wati 100. Juu zinatoka 23.

Sasa fuata safari ya wati hizo, kwa sababu hapa ndipo mita yangu ya mezani iliponidanganya bila kuharibika. Redio inatoa 100. Kebo inakula 77 zikiwa joto, antena inapata 23. Antena yangu, kwa kimo chake, haijakaa sawasawa na omu 50. SWR yake ya kweli, ikipimwa pale pale juu, ni 1.6, kwa hiyo inarudisha kidogo, kama wati 1.2. Hizo wati 1.2 zinashuka kwa kebo ile ile, nayo inakula robo tatu yake. Zinazofika kwenye mita ni kama 0.3. Mita inaona 100 zikienda na 0.3 zikirudi, inapiga hesabu yake kwa uaminifu, inaandika 1.1. Haina njia ya kujua kama wati hazikurudi kwa sababu zimeruka hewani au kwa sababu zimefia njiani.

Na ukirudi Januari: antena ile ile, 1.6 juu, kebo nzima ya desibeli 1.6, mita mezani inasoma 1.4. Kwa hiyo hata ile 1.4 niliyoiandika kwa fahari ilikuwa imepambwa kidogo na kebo. Kadiri kebo inavyooza, nambari ya mezani inapendeza. Nilipoliona hili kwenye karatasi nilihuzunika kwa muda ambao nimeipa nambari hii moja heshima isiyostahili. Tunawafundisha wageni wa redio SWR kabla hatujawafundisha upotevu wa kebo, na mpangilio huo, kwa maoni yangu, unazaa mafundi wanaofurahia ugonjwa.

Kisha nikaipasua kebo.

Plagi ya juu ilikuwa PL-259, aina iliyobuniwa miaka ya 1930, imara na ya bei nafuu, lakini haikuundwa kuzuia maji. Nilipoifungua ilinuka siki. Harufu hiyo iliniingia puani nikakumbuka: Januari nilikuwa nimeiziba kwa silikoni ya bafuni, halafu nikazungushia tepu nyeusi ya mafundi umeme. Silikoni ya aina ile inapokauka inatoa asidi, ile ile ya siki, na asidi hiyo inakula shaba. Nilikuwa nimeifungia plagi yangu pamoja na kitu cha kuilia. Tepu nayo, kwa miezi mitano ya jua, ilikuwa imelegea na kufumuka upande mmoja, gundi yake imegeuka uji.

Ndani ya plagi, wavu wa shaba ulikuwa kijani, na ukiugusa unamomonyoka. Nikakata sentimita 50 chini. Mweusi. Mita moja, mweusi. Nilipokata kwenye mita 2 tone la maji lilitoka, dogo, lakini lilitoka, na hiyo ni mwishoni mwa Juni, wiki kadhaa baada ya masika kupungua. Mita 4, rangi ya kahawa. Mita 8, madoa. Nikaendelea kukata nikiamini bado nitaokoa kipande, mpaka mita 11 ndipo nikaona shaba inang'aa kama ilivyotoka dukani.

Maji yalishukaje mita 11 ndani ya kebo iliyofunikwa ganda? Wavu ule wa nyuzi nyembamba ni utambi. Kama utambi wa koroboi unavyovuta mafuta, nao unavuta maji, na kwenye nguzo unasaidiwa na uzito wa maji yenyewe kushuka. Isitoshe kebo inapumua. Mchana jua linaipasha, maana ganda lake ni jeusi, hewa ndani inatanuka na kutoka kwenye upenyo wowote. Mvua ya jioni inapoipoza ghafla, hewa inanywea na kuvuta ya nje, pamoja na maji yaliyokaa pale kwenye uzi wa plagi. Kila siku ya masika ni pumzi moja. Ongeza chumvi ambayo kaskazi ilikuwa imeipaka kwenye kila kitu tangu Januari. Kwenye masafa ya juu mkondo unapita juu juu ya shaba, kwenye ngozi yake, na ngozi hiyo ikigeuka kutu ya kijani, njia yote inakuwa mbovu hata kama waya ndani bado ni mnene.

Multimita isingeliona hili. Waya haujakatika, wala haujashikana na mwingine.

Kebo mpya niliiagiza kutoka Dar es Salaam. Nilichukua RG-213, nene zaidi, ambayo kwa mita 30 kwenye 14 inapoteza kama desibeli 0.75 tu. Kama ningerudisha RG-58 mpya ningepata wati 69 juu. Kwa hii napata 84. Je, tofauti hiyo inastahili gharama? Kwa 14, mtu mwenye bajeti ndogo asione aibu kubaki na RG-58 iliyo nzima, itamfikisha popote. Mimi nilichagua nene kwa sababu nataka baadaye kupanda hadi 28, ambako upotevu unazidi. Ubaya wake ni uzito. Niliifunga kwa kamba kwenye bomba kila mita moja, na sentimita 20 za juu nikaziachia zilegee ili kitovu cha antena kisibebe mzigo wake.

Kazi kubwa ilikuwa kuziba. Plagi nililehemu kwa risasi kupitia matundu yote manne, polepole, kwa chuma chenye moto wa kutosha; chuma dhaifu kinakaa muda mrefu na kuyeyusha plastiki ya ndani kabla risasi haijashika. Baada ya kuikaza kwenye soketi nilitumia tepu ya mpira inayojishika yenyewe. Haina gundi. Unaivuta mpaka inapungua upana, unaizungusha, na baada ya saa kadhaa tabaka zote zinakuwa kitu kimoja, ukitaka kuitoa lazima uichane kwa kisu. Niliizungusha kuanzia chini, kwenye ganda la kebo, nikipanda juu hadi kwenye kisanduku, kila mzunguko ukilalia nusu ya ule wa chini yake, kama makuti ya paa yanavyopandana, la juu likilalia la chini. Ukianzia juu kushuka, kila pindo linakuwa mdomo wazi unaopokea mvua. Juu yake nikaweka tepu nyeusi ya kawaida, kwa kazi moja tu ya kukinga mpira na jua. Silikoni sikutumia. Anayelazimika aitumie ile isiyonuka siki, na aipake nje ya tepu.

Mbele ya dirisha kebo sasa inashuka chini ya kizingiti, inapinda kama herufi U, ndipo inapanda kuingia ndani, maji yadondokee kwenye pindo. Kisanduku cha juu nilikitoboa tundu dogo upande wa chini. Nilisita kidogo, maana kutoboa kitu unachotaka kisiingize maji kunapingana na akili. Lakini kisanduku kilichofungwa kabisa pwani kinajaa jasho la ndani, na jasho hilo lisipokuwa na pa kutokea litatafuta soketi.

Tukasimamisha nguzo. Mezani mita ikasoma 1.5 katikati ya bendi na 1.7 kwenye kingo. Mbaya kuliko Juni, mbaya hata kuliko Januari, na sikugusa waya wa antena hata sentimita moja. Kelele zilikuwa zimerudi S5, chaja ya jirani ikinguruma mahali pake pa zamani. Tumekubaliana nitamtafutia kipete cha feraiti cha kuzungushia nyaya zake kupunguza kelele, lakini hiyo ni kazi nyingine.

Ijumaa nilimwita Muscat saa ile ile. Alijibu mara ya kwanza, na kabla ya salamu akasema: "Ehee, leo umerudi barazani." Sikumwambia habari ya siki mpaka mazungumzo yakafika katikati, na alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba kebo yake mwenyewe ina miaka saba juu ya paa, na SWR yake ni 1.1.

Nilimpa kile kipimo cha nje ya bendi. Naye atanipa majibu wiki ijayo.

Kwa upande wangu, kabla ya kuunganisha kebo mpya kwenye antena niliipima ncha ikiwa wazi: 14.150, SWR 11.6. Nambari hiyo pamoja na tarehe nimeziandika kwa kalamu nene ukutani, pale kebo inapoingilia. Kaskazi ikiisha nitalaza nguzo na kuipima tena kabla ya mvua, na tena baada ya mvua.